Breki Yuko Hewani

Kaka yangu ni fundi friji, na kama umewahi kumwita kwako, huenda ulidhani ana maringo. Anaingia, anaitikia salamu kwa kichwa, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye kompresa na mpini wake sikioni, anasikiliza kama daktari, kisha anaanza kufungua skrubu. Ukimuuliza tatizo ni nini, anakuonyesha kwa kidole. Hana maringo hata chembe. Ana kigugumizi, na alishajua zamani kwamba friji haimuulizi mtu maswali.

Shuleni walimwita Breki. Jina lilianza kama kejeli, likazoeleka, na sasa hata mama yetu humwita hivyo akiwa amekasirika. Watu wenye hekima zao walimwambia kila siku kwamba pole pole ndio mwendo, utafikiri mwenye papara ni yeye na si wao. Mimi ni mdogo wake, nimejaliwa mdomo wa kutosha watu wawili, na kwa ajili ya methali hiyo nimeshakosana na majirani, mashangazi na mchungaji mmoja.

Marafiki zake wa shule ni wawili. Mmoja ni Mkasi, anayefanya kazi studio ya picha. Kutwa anakata picha za pasipoti na kuwaambia watu wasitabasamu. Wa pili ni mwanamke mrefu, kiranja wa zamani, sasa anafundisha shule ya msingi, nasi tunamwita Mwalimu. Urafiki wao ulianza kwenye vipindi vya kusoma kwa sauti. Zamu ikikaribia kumfikia Breki, Mkasi aliangusha dawati, au alishikwa na kikohozi kisichoisha, au alimuuliza mwalimu wa darasa swali la kipumbavu mno, mpaka fimbo ikamhamia yeye na kitabu kikasahaulika. Hakuwahi kuombwa. Alifanya tu, na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Ijumaa jioni wanafunzi waliwekewa filamu ukumbini, na wenye adhabu walibaki nyuma ya jiko kuosha masufuria. Unaweza kukisia nani alikuwa huko karibu kila Ijumaa. Breki aliona ni haki amlipe. Filamu ikiisha alikimbia nyuma ya jiko, akapanda juu ya sufuria iliyopinduliwa, akamwigizia Mkasi yote tangu mwanzo: jambazi, bibi harusi, farasi. Hapo ndipo walipogundua jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kutueleza vizuri. Akiigiza mtu mwingine, kaka yangu hakwami. Maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Akirudi kuwa yeye, breki zinarudi.

Wazo la chaneli lilikuwa la Mwalimu, miaka mingi baada ya shule, siku friji yake ilipoharibika na wote watatu wakajikuta jikoni kwake wakibishana kuhusu filamu badala ya kutengeneza friji. Wakaipa jina Viti vya Nyuma. Wakakosa mahali pa kurekodia, wakakumbuka kwamba mimi nina saluni, na kwamba Jumapili mchana sifungui. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Nilikuta taa zangu zimegeuzwa, viti vimepangwa, na vichwa vyangu vya plastiki vya kuvalisha wigi vimewekwa mstari ukutani kama watazamaji waliolipa kiingilio.

Kila kipindi kilikuwa na sehemu mbili. Kwanza kichekesho, ambapo Breki alivaa wigi langu la bei mbaya kuliko yote, akawa Mama Mkwe anayetazama filamu na kumhukumu kila mtu ndani yake. Mama Mkwe hakumwonea mtu haya. Askari amepigwa risasi tatu, alisema, na bado anasimulia maisha yake. Mimi jino likiniuma hata salamu siitikii. Bibi harusi katoka saluni anaenda kulia mvuani. Huyo msusi wake kamkosea nini? Nilicheka mpaka nikasahau kudai wigi. Sehemu ya pili ilikuwa mjadala wenyewe: wigi linavuliwa, watatu wanakaa, kila mtu anasema filamu imemgusa wapi. Hapo Breki aliongea kwa sauti yake, akikwama na kukwamuka, na alikuwa na mengi ya kusema kuliko wenzake wote, maana mtu anayenyamaza sana huwa ametazama sana.

Kuhariri ilikuwa kazi ya Mkasi. Video ya kwanza ilipotoka tuliitazama pamoja pale saluni. Mama Mkwe akapita, tukacheka. Mjadala ukaja, na kaka yangu pale kwenye simu akafungua kinywa akaongea kama msoma habari. Hakuna kukwama, hakuna kurudiarudia. Mkasi alikuwa amekesha akikata kila mkwamo, silabi kwa silabi, akaunga vipande mpaka pakawa laini. Alituangalia sote kama mtu aliyeleta zawadi na anangoja ifunguliwe. Breki aliirudia ile video, akairudia tena, kisha akamshika Mkasi bega, akalitikisa, wala hakusema kitu.

Nilipompelekea mama yetu asikilize, aliweka simu sikioni, maana macho yake hayamsaidii sana siku hizi. Alisikiliza yote. Akasema sauti ni ya mwanawe, lakini mbona hapumui?

Chaneli ikapendwa. Sitasema ilikuwa kubwa, lakini watu wakaanza kumjua Breki barabarani, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Aliitwa nyumba moja kutengeneza friji, mama mwenye nyumba akamtambua mlangoni, akafurahi kweli, akamuuliza swali kuhusu kipindi cha wiki ile. Kaka yangu akajaribu kumjibu. Akakwama kwenye neno la kwanza. Yule mama akacheka. Kaka yangu alivyozidi kukwama ndivyo mama alivyozidi kucheka, akashika mlango wa friji ili asianguke, akimwambia jamani wewe ni hatari, hata hapa unafanya kichekesho. Hakuwa mtu mbaya. Alimjua mtu anayeongea vizuri, basi akadhani kukwama ndio uigizaji.

Tangu siku hiyo Breki akaanza kuwajibu wateja kwa sauti ya Mama Mkwe. Walifurahi, na yeye hakukwama. Kisha akawajibu majirani hivyo hivyo. Kisha kondakta, kisha muuza vipuri. Jumapili kwenye mjadala akasema kichwa kinamuuma, wenzake waendelee wawili. Halafu jioni moja tukiwa mezani nyumbani, alimwomba mama chumvi kwa sauti ya Mama Mkwe. Mama akampa chumvi, akaniangalia upande niliko, wala hakucheka. Mimi sina haya kusema: niliogopa. Kigugumizi cha kaka yangu nimekisikia tangu nikiwa mgongoni, na sasa nyumba yetu ilikuwa na mgeni anayechekesha, na mwenyewe sijui alikuwa wapi.

Basi ndipo redio ikawaita. Kituo kinachosikika mji mzima, kipindi cha asubuhi, wote watatu, mubashara. Walikutana saluni kupanga, mimi nikiwa namalizia kufagia nywele. Mkasi alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani. Redioni hakuna kukata, alieleza, kinachotoka kimetoka. Kwa hiyo Breki aingie akiwa Mama Mkwe na atoke akiwa Mama Mkwe, swali lolote atakaloulizwa alijibu hivyo, watu watavunjika mbavu na hakuna atakayejua. Mwalimu akasema huo ni uamuzi wa Breki mwenyewe. Mimi nikasema mengi zaidi ya hayo, na ufagio ulikuwa mkononi. Nilimwambia Mkasi kwamba amemtengenezea kaka yangu kaka mwingine, kisha ametuachia wa plastiki.

Mkasi akageuka kwa Breki, uso umemshuka. "Nilikuwa nakuokoa, ndugu yangu. Kama zamani."

Breki alikaa kwenye kiti cha wateja, akijiangalia kwenye kioo. Alianza neno likakataa, akaanza upya. Mkasi akafungua kinywa kumsaidia, nami nikamwonyesha ufagio.

"Na-na-najua," Breki alisema. "Ndiyo ma-ma... ndiyo maana sikusema kitu."

Alichukua wigi kutoka kwenye kichwa cha plastiki, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wake wa vifaa pamoja na bisibisi. Nilimuuliza wigi la nini wakati redio haionyeshi sura. Akainua mabega. Nikaelewa kwamba ameamua kufuata shauri la Mkasi, na usiku huo sikumsemesha.

Asubuhi ya kipindi nilikuwa saluni. Wateja wawili walikuwa chini ya draya, mwingine nilikuwa namsuka, na redio niliiweka juu ya kabati la mafuta ya nywele. Nilijiambia sitasikiliza, huku mkono ukiongeza sauti. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu, wa wale wanaoongea kana kwamba ukimya unatozwa ushuru. Akamkaribisha Mwalimu, akamkaribisha Mkasi, akamkaribisha Breki, na aliyeitikia alikuwa Mama Mkwe. Akauliza kwa nini kituo kizima hakina hata mto wa kuegemea mgeni mwenye kiuno chake. Mtangazaji akacheka, wateja wangu wakacheka. Mimi nilivuta nywele za yule niliyekuwa namsuka mpaka akalalamika.

Wakaendelea hivyo kwa muda, na kusema kweli alichekesha. Kisha mtangazaji akasema utani pembeni, wasikilizaji wangependa kujua: kati ya filamu zote alizowahi kutazama, ipi imekaa moyoni mwake?

Nilimngoja Mama Mkwe, maana alikuwa na majibu ya kuuza. Badala yake nikasikia pumzi ikivutwa karibu na maiki.

"Ni i-i-i..."

Nikazima draya. Mteja mmoja akatoa kichwa akauliza kulikoni. "I-i-ile ya m-m-m..." kaka yangu alisema, kwa sauti yake, na mji mzima ukisikiliza.

"Ile ya mapi—" mtangazaji alirukia, halafu akakatika katikati ya neno.

Mwalimu alinisimulia baadaye kilichotokea: Breki alivua wigi, akaliweka mezani, ndipo akaanza kujibu. Mkasi alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza, akaweka kiganja mbele ya maiki ya mtangazaji, akamtikisia kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka, anasema, na macho yake yalikuwa kwa Breki. Yule aliyeangusha madawati, aliyekata kila silabi, alikaa pale mkono umenyooshwa na hakuangusha kitu. Lakini mimi wakati huo sikuyajua hayo. Nilichosikia redioni ni kimya, kirefu, na kaka yangu ndani yake.

"Redio yako imeharibika, dada," alisema mteja wa chini ya draya.

"Tulia," nikamwambia. "Kaka yangu anaongea."

"I-ile ya mtoto," Breki akasema, "a-anafunga viatu." Akapumua. "Ni filamu ya shuleni. Mtoto a-amechelewa shule. Baba yake ka-kasimama mlangoni, ana haraka, kazini wanamngoja. Mtoto anafunga ka-kamba za viatu. Zinamshinda. A-a-anaanza upya. Ukumbini wenzetu walipiga ke-kelele, wakasema filamu mbovu, haiendi." Akanyamaza, na safari hii niliona si kukwama, alikuwa anachagua. "Yule baba ha-hakuinama kumfungia. Alikunja mikono yake nyuma, a-a-akangoja. Hiyo ndiyo ninayoipenda."

Mtangazaji, na nitamheshimu kwa hilo mpaka kesho, alisubiri kidogo kabla ya kuuliza. "Mtoto akamaliza?"

"A-alimaliza."

"Akafunga vizuri?"

"Ho-ho-hovyo kabisa," kaka yangu akasema. "La-lakini miguu ni yake."

Saluni nzima ikacheka, hata yule aliyekuwa na kichwa nusu kimesukwa, na walicheka pale pale alipotaka wacheke.