Mke Mwenza wa Ngalula

Fanwell ndiye aliyeitunza seva ya redio ndogo ya Kashikishi, na mtaa mzima ulijua namna yake ya kuitunza. Aliketi mbele ya skrini nyeusi, akaandika amri kwa kidole kimoja, na kabla ya kuituma aliisoma kwa kunong'ona kama mtu anayeungama. Mkewe Ngalula, mwuza samaki aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, huko Pweto, aliwaambia wateja wake kwamba ameolewa ukewenza na sanduku.

Siku moja sanduku likaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Fanwell akakiuliza kidhibiti cha diski, kikajibu kwamba katika diski nne, ile ya namba mbili imekufa. Tatu zilizobaki zilikuwa bado zimebeba rekodi zote kwa kusaidiana. Kama angekosea akachomoa nzima, redio ingepoteza kila kitu.

Pamoja na hayo yote ingepotea kwaya ya Pasaka. Katika rekodi hiyo Ngalula anaingia ubeti kabla ya wenzake, peke yake, kwa sauti ya juu kabisa, na mdogo wake Dominique, mwalimu wa kwaya, anamkatiza na kucheka. Zamani Ngalula alimsumbua mumewe aifute aibu ile. Tangu Dominique azikwe, hakuitaja tena.

Ngalula aliposikia habari alifika na beseni lake la chisense, wale dagaa wa ziwani, akasimama mlangoni.

Mashine ile huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo namba mbili ni ya tatu. Lakini ya tatu kutoka upande gani, Fanwell hakuwa na hakika. Akaamuru taa ya diski mbovu imwekemweke. Hakuna kilichomweka. Akanong'ona, akatuma tena. Giza.

"Papa Léonie," Ngalula akasema, akimwita mumewe kwa jina la binti yao, "ile taa nayo ilienda kulala?"

Fanwell alikuwa amekumbuka kwamba majira ya mvua vijidudu vya ziwani vilipojaa chumbani kufuata mwanga, yeye mwenyewe alizifunika taa zote kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Ngalula aliyasoma hayo usoni pake, akacheka hadi akashika mlango.

Utepe ulipobanduliwa, taa ya tatu kutoka kushoto ilikuwa ikimweka kwa bidii. Fanwell akaiandikia diski ile amri ya kutoka kazini, kisha ya kuacha kuzunguka, akaichomoa polepole na kuingiza mpya ya akiba, iliyokuja zamani kwa basi kutoka Lusaka. Mlio ukakatika. Kidhibiti kikaanza kuijaza, asilimia moja, ikakaa, asilimia mbili.

Ngalula alisema samaki wake wanakauka upesi kuliko hivyo. Hata hivyo hakuondoka. Alikaa pale akiuzia wapita njia, na kila mteja akaambiwa habari ya utepe.

Jioni kazi ikaisha. Bila kuombwa, Fanwell akaifungua kwaya ya Pasaka. Sauti ya Ngalula ikapaa peke yake, kisha ikaja ya Dominique ikimwita dada yake, karibu sana, kama yuko chumbani.

"Yaya, ungojee. Na sisi tuko tunakuya."

Halafu kile kicheko.

Ngalula akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ni bao walichelewa," akasema juu ya wenzake wa kwaya. "Rudisha, usikie muzuri."

Fanwell akarudisha.