Chapa Kwenye Ngao

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, si mbali na Kolandoto, nikiishi na mama yangu mjane. Padre mzee wa kizungu aliyetulea katika imani alikuwa na burudani moja tu: kupaka rangi ya mafuta visanamu vya madini ya risasi, urefu wa kidole, vya wapiganaji wa kale wa kwao waliopanda farasi wakiwa wamevaa chuma. Kila ngao aliitafuta kwanza katika kitabu kinene cha koo za zamani.

"Usibuni, mwalimu," aliniambia aliponipa vinne nikavipake nyumbani. "Ngao ni ya mtu. Ukikosea mstari mmoja, umempa mwingine."

Niliviweka dirishani vikauke. Kimoja kilikuwa na ngao ya njano yenye mistari mitatu myekundu iliyokunjwa kama mapaa ya nyumba, mmoja juu ya mwingine.

Asubuhi ileile jirani yetu alipita kumsalimu mama, akasimama pale dirishani muda mrefu. Wiki ile ng'ombe wake watatu walikuwa wamekufa, na mtoto wake alikuwa na homa.

"Mayu," alimwambia mama, kama tuwaitavyo kina mama kwetu, "nani amekupa chapa yangu?"

Nikakumbuka ubavu wa ng'ombe wake: mapaa matatu yaliyochomwa kwa moto, moja juu ya jingine. Nilikuwa nimeyaona tangu utotoni, nisiyafikirie hata mara moja.

"Mimi nina mbuzi wawili na kikohozi," mama akajibu akicheka. "Chapa ya nini?"

Jirani hakucheka. Alikuwa akiyatazama macho ya mama, mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe tuliyopikia. Sote tulijua jinsi wanawake wazee wenye macho yale walivyosemwa kuwa wachawi, na jinsi wengine walivyoishia.

Nilikwenda mbio misheni nikaazima kile kitabu cha koo. Niliamini ukweli ukionyeshwa unatosha.

"Tazama, baba," nikamwambia jirani, kidole kikiwa juu ya picha. "Huyu ni mtu wa Ulaya, alikufa zamani sana. Hakukujua."

Aliitazama picha kwa utulivu. "Kumbe mmeniandika mpaka kitabuni," akasema. "Na aliyeibeba chapa yangu amekufa."

Akaniaga kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniogopesha.

Alasiri ya siku ileile nilimpeleka mama misheni. Njia nzima alinung'unika kuhusu mbuzi wake, akiniita mwoga.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kuchukua vyombo. Mlango ulikuwa umevunjwa. Godoro la mama la manyasi lilikuwa limekatwa kwa panga mara tatu, upande wa kichwa. Mbuzi walikuwa wazima. Visanamu vinne vilisimama palepale dirishani. Hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, na ninamshukuru hadi leo, maana mama aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee. Nilipoinuka nikaishika ile ngao. Rangi ilikuwa bado haijakauka.