Beseni Alilolikalia Metrine

Metrine alikuwa mwanamke wa sauti. Akicheka mkahawani, mafundi wa ng'ambo ya barabara waliinua vichwa. Kwao Bungoma, kazi yake ulinzi katika jengo moja la Jumeirah Lake Towers, huko nchi za Waarabu, na siku sita za juma alisimama mlangoni akiwaamkia watu wasiomwitikia. Ijumaa, sasa, alikuwa mkubwa wa watu. Ijumaa alishika beseni.

Beseni lenyewe lilikuwa la bati, limebonyea upande mmoja, na makazi yake yalikuwa juu ya friji ya Mzee Idd, Mzanzibari mwenye mkahawa Al Quoz. Wakenya na Watanzania walikutana hapo kula pilau, na mmoja wao akiugua beseni lilizunguka kukusanya mchango. Metrine alilipitisha kwa utani na vitisho. "Wee, hiyo ni ya mgonjwa ama ni ya soda?" Hata mabahili walitoa huku wanacheka. Walimpenda mno, na si bure, maana wengi wao walikuwa wametibiwa kwa beseni hilo.

Ndiyo maana walishindwa kumwelewa Ijumaa ile ya mwaka 2008.

Rama, kijana wa Tanga, fundi wa gereji huko Ras Al Khor, aliingia akiwa amebebwa na wenzake wawili. Injini ilikuwa imemwangukia mguuni akiwa kazini siku kadhaa nyuma. Daktari aliyemwona alisema mifupa imevunjika na kidonda kimeoza, na asipopasuliwa upesi mguu utakatwa. Mikono ikaanza kuingia mifukoni. Metrine naye akalishusha beseni.

"Na arbab wako, huyo mwenye gereji, amesemaje?" aliuliza.

Rama aliona haya kujibu. "Kasema, 'Unanijia mimi kwa nini? Nyie Ijumaa si huwa mnachangiana? Yalla, nenda kwa wenzio.'"

Metrine akalitazama lile beseni. Kisha akaligeuza juu chini, akalikalia. Na Metrine akikalia kitu, kimekaliwa.

"Leo halizunguki."

Mkahawa ukalipuka. Joha, mtumishi wa nyumbani aliyetoka mtaa mmoja na Rama, ndiye aliyemjia juu, ingawa shavu lake lilikuwa limevimba kwa jino. "Dada Metrine, yaani mwenzetu akatwe mguu na wewe umekaa?"

"Mwanangu," Mzee Idd alisema taratibu, "kutoa ni moyo."

"Moyo tuko nao, mzee wangu. Lakini huyo mtu ametugeuza hospitali yake! Boaz, mlinzi mwenzangu, si aliumia kazini mwaka jana? Kampuni ilimtibu mpaka akapona. Haikuwa huruma, ni sheria. Ukiumia kazini, mwenye kazi analipa. Sasa tukimlipia huyu, kesho atamwangushia injini mwingine amwambie aje kwetu."

Alisema kweli, lakini kweli haimpozi mtu maumivu. Rama aligeukia ukutani asimwone, na hilo lilimuuma Metrine kuliko maneno yote ya Joha.

Jumapili asubuhi, ofisi za serikali zilipofunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, aliomba ruhusa, akampeleka Rama ofisi ya kazi. Kwenye foleni Rama alikaa amempa kisogo. Metrine alimpepea kwa gazeti, nzi wasitue kwenye bandeji, na moyoni alikuwa anaogopa kama hajawahi kuogopa. Akikosea, mguu wa mtoto wa watu umekwenda, na aliyezuia mchango ni yeye.

Karani alikuwa kijana mpole. Alipokea malalamiko yao, akawaambia warudi wiki ijayo.

Metrine, kwa mara ya kwanza maishani mwake labda, alisema polepole. "Kaka yangu, wiki ijayo huu mguu hautakuja."

Karani akazunguka meza, akainama kuutazama. Alipoinuka aliiendea simu. Alizungumza Kiarabu kirefu na kikali, na wao wakaambulia neno moja tu la mwisho: khalas, yaani basi, imekwisha. Kabla ya alasiri arbab alikuwa amefika na gari, amenuna, na jioni Rama alipasuliwa.

Mguu ulibaki. Kidonda kilipofunga, Rama alirudi mkahawani kwa magongo, na daktari alikuwa amemwambia aukande kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Metrine akashusha beseni, akamimina maji, akauingiza mguu mwenyewe huku akimsuta kwa kufuga kucha. Rama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nisamehe, dada," alisema, na Metrine akamrushia maji usoni.

Joha alikuwa kando, shavu bado limevimba. "Na mimi je, dada? Madam kila siku ananiambia subiri. Sheria yangu mimi ni ipi?"

Swali hilo Metrine alikuwa amekwisha kumuuliza karani. Watumishi wa nyumbani hawakuwamo katika sheria ile. Alimshika Joha mkono. "Yako haijaandikwa, mdogo wangu."

Rama akautoa mguu, akamwaga maji nje, akalifuta beseni kwa shati lake, akatumbukiza noti ya kwanza yeye, kisha akampa Metrine alizungushe. Na safari hii Metrine alilizungusha bila utani hata mmoja.

Jumapili iliyofuata alikuwa tena kwenye foleni ile ile. Karani alimtambua, akachungulia nyuma yake kumtafuta mgonjwa.

"Leo nimekuja peke yangu," Metrine alimwambia. "Mgonjwa amenyimwa ruhusa ya kutoka. Niambie, ni nani anayeandika hizi sheria, nimfuate?"