Kamba ya Gari la Chanjo

Mume wangu alichagua gari kama anavyochagua ng'ombe, na mpaka leo sijaona mtu aliyechagua gari vizuri kuliko yeye. Alikosea jambo moja tu, nalo lilinitoa maneno ambayo laiti ningeyameza.

Mimi nilikuwa nesi wa safari. Wodi sikuijua sana. Kazi yangu ilikuwa kwenye vijiji vya ujamaa, huku na huku kati ya Ngara na Biharamulo. Tulibeba hema mbili, jiko la mafuta ya taa, mizani ya kupimia watoto na sanduku la barafu lenye chanjo. Tukifika kijijini tunapiga hema karibu na ofisi ya kijiji, tunalala siku tatu au nne, tunachanja, tunapima, tunagombana na akina mama wanaowaogesha watoto mbio mbio ili nesi asiwaseme, kisha tunakunja hema na kwenda kijiji kingine. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Hata Ntobeye, kwetu nilikozaliwa, nililala kwenye hema, na mama yangu mzazi akawa ananiletea ndizi na maharage huku akininunia kwamba nalala chini kama mtu asiye na kwao.

Vita ilipokuja gari letu lilichukuliwa kwenda mbele, na halikurudi. Hatukulalamika. Wengine walitoa watoto wao, sisi nani tulilie gari. Lakini vita ikaisha, mwaka ukapita, nami bado nakwenda kwa baiskeli na kwa miguu pale panapofikika. Nyantakara sikuifikia kabisa, na huko ndiko alikokaa baba wa mume wangu.

Yeye alikuwa mtoto wa wafugaji waliohama kutoka upande wa Shinyanga. Ndugu zangu wa Ntobeye, Wakatoliki wa tangu zamani na watu wa migomba, walimcheka sana tulipooana. Walisema nimeolewa na mtu anayewasalimia ng'ombe kabla ya wakwe. Kusema kweli hawakumsingizia. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye hatua za polepole, na alikuwa na desturi ya kukitazama kitu muda mrefu mpaka unataka kumsukuma.

Siku moja mganga mkuu wa wilaya akaniita. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia nesi wa safari asiye na safari ni nesi wa wodi, na wodi inayohitaji mtu ipo Bukoba. Hata hivyo, misheni moja upande wa Ngara ilikuwa na magari mawili ya kuvuta magurudumu yote manne, yote mawili yamekwishatumika sana, na ilikubali kutuachia moja. Malipo yalikuwa ya wakubwa kuzungumza. Letu lilikuwa kuchagua. Ila masika isiishe kabla sijamaliza mzunguko wa vijiji vyote, Nyantakara ikiwemo. Nisipomaliza, barua ya uhamisho ilikuwa tayari mezani, nikaiona kwa macho yangu.

Bukoba ni mji mzuri. Lakini mume wangu asingehamia Bukoba na ng'ombe wake, na bila ng'ombe asingekuwa mume niliyemzoea. Tungekuwa watu wa kuonana Krismasi na Pasaka. Nilirudi nyumbani nikamweleza, naye akasema atakuja na mimi kuliona hilo gari.

Tulikwenda watatu: mimi, yeye na dereva wetu, aliyekuwa amerudi kutoka vitani, mchapakazi na mwenye maneno mengi. Magari yalikuwa yameegeshwa uani kwa misheni. La kwanza lilipakwa rangi mpya ya kijani na viti vyake vilishonwa upya. La pili lilikuwa na rangi ya vumbi, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na turubai lake lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe. Dereva hakukawia, akapanda la kijani, akashika usukani, akaniambia, "Mama nesi, tumepata."

Mume wangu hakupanda lolote. Aliweka kiganja juu ya boneti ya la kijani, kama anavyomshika ng'ombe sikio kujua ana homa. Boneti ilikuwa ya moto. Fundi wa misheni akasema ameliwasha kidogo kutupunguzia usumbufu. Mume wangu akamshukuru kwa heshima, akamwambia tutarudi kesho. Dereva aliona ni upotevu wa siku, na mimi pia, maana siku zangu zilikuwa za kuhesabika. Njiani mume wangu akatueleza kwamba kwao ng'ombe hanunuliwi akiwa amekwishasimama. Unamwendea alfajiri akiwa amelala, unatazama anavyoinuka. Mwenye ugonjwa anaweza kukuficha mambo yote, lakini jinsi anavyoinuka hawezi kukuficha.

Tulilala kwa jamaa zangu Nyamiaga, na kulipopambazuka tukawa uani kwa misheni kabla fundi hajafika. Boneti zote mbili zilikuwa na umande. Fundi alipokuja na funguo alicheka kidogo, nadhani alielewa. La kijani lilikoroma, likakohoa, likanyamaza, na mwisho likawashwa kwa kusukumwa. La viraka liliguna mara mbili, likainuka.

Baada ya hapo mume wangu hakuharakishwa na mtu. Alilala chali chini ya kila gari, akatazama kama limedondosha mafuta mchangani, akagonga chuma cha chini kwa jiwe kutoka mbele hadi nyuma huku akisikiliza. Kwenye la kijani, jiwe lilitoa sauti mbovu sehemu mbili, na chini ya rangi mpya kulikuwa na kutu unayoweza kuipenya kwa kidole. Alinusa moshi wa yote mawili. Akamwomba dereva aweke gia nzito, ile yenye mkono mwekundu, alipandishe gari kilimani polepole bila kukanyaga mafuta sana, naye akawa anatembea pembeni akitazama magurudumu yanavyokanyaga. Nilisimama pale nimejifunga khanga kwa baridi, nikiwa na hasira na wasiwasi, na nikimpenda. Ni vigumu kueleza, lakini vyote vitatu vilikuwepo.

Tukachukua la viraka. Dereva alinuna mpaka saa nne.

Kosa lilifanyika wakati wa kuagana. Gari lilikuwa na kamba nene ya katani, imefungwa kwenye bampa la mbele, ya kuvutia likikwama. Fundi alipokwisha kunipa funguo, mume wangu aliinama akaifungua ile kamba, akaikunja vizuri, akamkabidhi fundi kwa mikono miwili. Fundi alishangaa kidogo, akaipokea. Mimi nilimwona, na nikajivunia adabu yake. Kwao ng'ombe akiuzwa kamba hubaki kwa mwenyewe, na mnunuzi huja na kamba yake. Kumwondoa ng'ombe na kamba ya mwenzako ni kuondoka na bahati ya zizi lake. Ilikuwa heshima. Yeye alidhani serikali itakuwa na kamba yake, na serikali ilidhani gari lina kamba. Mimi sikudhani chochote, nilikuwa nawaza vijiji.

Na vijiji tulivifikia. Lile gari lilipanda milima ya Ngara kama mbuzi. Mbung'o walituuma msituni, hema moja ikachanika, lakini asubuhi haikupita bila gari kuinuka. Dereva mwenyewe alianza kulisifia kana kwamba yeye ndiye aliyelichagua. Ikabaki Nyantakara. Siku ile mume wangu alikuwa nasi, anakwenda kwa baba yake. Barafu ilikuwa ya mwisho tuliyoipata, na masika ilikuwa imebakiza siku chache.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tukakwama asubuhi kwenye mbuga, tukiwa tumebakiza mwendo wa kama saa moja kwa miguu. Magurudumu yote manne yalizunguka, tumbo la gari likakaa juu ya tope jeusi. Tukachimba, tukatandika matawi, tukasukuma, likazidi kuzama. Mbele yetu kulikuwa na mti imara kabisa. Dereva angefunga kamba pale, akaipitisha kwenye roda, kile kigurudumu cha kuvutia mizigo, gari lingetoka. Akaomba kamba. Nikamtazama mume wangu.

"Nilimrudishia mwenyewe," akasema.

Nilikuwa na tope mpaka magotini, na ndani ya sanduku barafu ilikuwa inayeyuka. Nikamwambia, mbele ya dereva, "Hili si ng'ombe. Nitakwenda Bukoba kwa sababu umeolea akili zizini."

Hata maneno hayakunitoka sawasawa. Nilikusudia kusema umelelewa. Dereva akageuka upande mwingine.  Mume wangu alivua viatu, akavifunga pamoja, akaviweka juu ya boneti, akaondoka kwa miguu kuelekea Nyantakara kwa zile hatua zake za polepole.

Nilikaa kivulini mwa gari na sanduku la barafu, nimelifunika khanga niliyoilowanisha, naibadilisha kila ikikauka.  Nilivitazama vile viatu juu ya boneti. Vilikuwa vya kwenda kanisani, alivivaa ili nisione haya mbele ya wakubwa wangu. Nililia, na sikulilia uhamisho.

Jua lilipokuwa linakaribia utosini nikasikia mbinja, na sauti za watu wanaoswaga ng'ombe. Walikuja na maksai wa kulimia, jozi nne, wamefungwa nira, na watu wengi nyuma yao, na akina mama wenye watoto mgongoni. Walioogeshwa mbio mbio walikuwemo. Mbele yao alikuwa baba mkwe wangu. Nilitoka kando ya gari nikapiga goti palepale topeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Barafu ipo?"

Nikamwambia ipo kidogo. Hakuuliza kingine. Walikuwa na kamba ya ngozi iliyosokotwa, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Mume wangu akaifunga kwenye bampa mwenyewe. Walipowaswaga, maksai waliinamisha vichwa, tope likatoa mlio mrefu, na gari likapanda juu ya nyasi bila hata kuwashwa. Akina mama walipiga vigelegele. Dereva akakimbilia kufungua kamba awarudishie wenyewe, na baba mkwe akamshika mkono.

"Iache," alisema. "Mlilichukua bila kamba, mlifanya vizuri. Mnunuzi huja na kamba yake. Hii ndiyo yake."

Kisha akanigeukia mimi, akasema sasa gari limenunuliwa. Watu waliguna kwa kukubali, hakuna aliyecheka. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amekwisha kuwaendea maksai, anawapangusa tope shingoni.

Tulianza kuchanja alasiri ile ile kwa sababu barafu isingefika kesho. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikumsema mama yeyote. Nilipeleka taarifa kwa mganga mkuu kabla ya masika kwisha, akaisoma, akafungua mtoto wa meza na kurudisha barua ndani. Wala sikuomba niione ikichanwa.

Gari lile tulikaa nalo miaka mingi. Kila lilipokwama, ile kamba ilitolewa, na kila kijiji kilichoishika kiliona gari ni lake kidogo. Lakini lile neno la mbugani sikuliombea radhi. Kila nilipotaka kuanza, yeye alianza habari ya ndama.

Mwisho gari likazeeka. Wakaja watu waliolinunua kama chuma chakavu, na trekta la kulivuta. Wakaona kamba kwenye bampa, wakafurahi. Mimi nilikuwa nimekwishainama naifungua. Mmoja wao akaniuliza watalivuta kwa kitu gani. Nikamjibu kwamba mnunuzi huja na kamba yake, nikaikunja nikaenda nayo nyumbani.

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, magoti yamekwishaanza kumsumbua. Aliuliza kama gari limekwenda. Nikasema limekwenda. Nikamwekea kamba mapajani, na hapo, nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule, nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile.

Alisema hakumbuki maneno gani. Alikuwa anaikagua kamba polepole, kutoka ncha hii mpaka ile, mpaka nikataka kumsukuma. Halafu akasema imelika upande mmoja, lakini kwa ndama bado inafaa, na hata huyo tutakayemfunga hatakuwa peke yake aliyelelewa zizini.

Alikumbuka yote, mzee yule.