Glasi ya Rubisi Niliyoionja Kabla ya Mgeni

Kwanza nianze na ng'ombe. Baba yangu mkubwa aliyekaa Rugu alikuwa na ng'ombe mwekundu anayeitwa Bihogo, pembe yake moja imepinda ikapita mbele ya jicho, tukawa tunasema anavaa miwani. Mtoro kupindukia. Mvua zikianza tu anakata kamba anashika njia ya nyikani kwa wafugaji. Safari moja alirudishwa na mfugaji mmoja mrefu, amelowa chapachapa, hana kitu ila fimbo na koti. Mimi na baba tulikuwa hapo kusaidia kukamua ndizi za rubisi. Rubisi, kwa msiotoka huku, ni pombe yetu ya ndizi. Baba akamkalisha yule mtu karibu na moto, akajaza kibuyu, akanywa yeye mwenyewe funda moja mbele yake, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo akampa kwa mikono miwili.

Nilikuwa mdogo. Tukiwa njiani kurudi kwetu Kanoni nikamwuliza, "Baba, mbona ulianza wewe? Ulikuwa na kiu kumshinda?"

Baba alisimama katikati ya njia. "Yule ameomba kinywaji. Hakuomba kubahatisha uhai wake. Ukimpa mtu kitu ambacho wewe hujakitia mdomoni, umempa mashaka. Usije ukaniaibisha."

Bihogo alichinjwa baadaye, na nyama yake ilikuwa ngumu kama mkanda, lakini hayo hayatuhusu. Nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Anjelina. Huyu yuko chuo kikuu, na somo lake linaitwa ukarimu. Nilimwambia arudie. Akarudia: "Ukarimu, babu, kuhudumia wageni hotelini. Miaka mitatu." Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu akaniuliza, "Na wewe babu, upishi ulisomea wapi? Cheti chako kiko wapi?" Nikamjibu vibaya sana. Naandika ili nimjibu vizuri, ingawa hasira yenyewe haijapoa.

Nilisomea kilimani, mwendo wa nusu siku kutoka Kanoni, kwenye nyumba ya wageni ya serikali. Ni wakati wa Waingereza. Kyerwa haikuwa wilaya, Rubwera yenye maofisi mnayoijua leo haikuwa na maofisi, kote huku tukiita Karagwe. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na banda la udongo, na humo wanaume sita tulifundishwa kupika na kuhudumia wageni. Mkuu wa mafunzo alikuwa memsahibu mmoja, mke wa ofisa. Chini yake alikuwepo Msimamizi, jina lake Klementi, mtu wa Muleba, Mkatoliki safi, viatu vinang'aa hata wakati wa tope.

Siku ya kwanza Klementi alinipokea mlangoni. Nikasema, "Shikamoo." Akanusa mikono yangu. Naam, alinusa, kama mtu anayenunua samaki.

"Unanuka ng'ombe. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la pili."

"La pili! Na ndevu hizo! Una mke?"

"Ninaye."

"Basi huku ndani huna. Huku ndani wewe ni boi. Na huu mlango uliposimama ni wa wageni. Boi anapita nyuma. Nikikuona tena hapa mbele, unarudi kwenu kuswaga ng'ombe."

Boi. Mwanamume nimeoa, nimelipa mahari, nimejenga.

Kazi yenyewe, nisiwe mwongo, niliipenda. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa trei. Unawekewa juu yake bakuli la maji hadi ukingoni, unazunguka uani mara kumi, na tone likianguka unaanza upya. Mwezi wa pili meza: uma kushoto, kisu kulia, makali yaelekee sahani, na kila kitu kikae mbali na ukingo kwa kipande kimoja cha kidole, kifundo hadi kucha. Chakula unakiandaa kwa kushoto, sahani chafu unaziondoa kwa kulia. Kitambaa unakikunja mara tatu. Mkate tuliuoka ndani ya debe la mafuta ya taa lililofukiwa kwenye kichuguu, makaa chini na makaa juu, na joto tulilipima kwa kuingiza mkono na kuhesabu. Ukifika kumi bila kuutoa, moto haujatosha. Mimi nilikuwa mwepesi wa mkate kuliko wote. Kuandika ndiko kulikonitesa. Memsahibu anasoma mapishi, Klementi anatafsiri, wenzangu wanaandika daftarini, mimi nachora kwa mkaa kwenye ukuta wa banda: mayai mawili, kikombe kimoja, kijiko. Wenzangu walinitania kwamba siwezi kuingia na ukuta wangu kwenye mtihani. Nikauweka kichwani wote.

Na chakula chetu je? Tulichoma mguu wa kondoo, tukamwagia mchuzi wake mzito, tukaupeleka mezani kwa heshima zote, halafu tukarudi bandani kula maharage ya juzi. Usiku tulilala juu ya majani makavu ya migomba. Memsahibu alitufundisha kutandika vitanda kwa mashuka mawili.

Haya yote niliyavumilia kwa ajili ya cheti. Niwaeleze vijana, maana mtaona kama mzee anakuza mambo. Cheti kile kilikuwa karatasi moja yenye saini ya Bwana Shauri, yaani mzungu mkuu wa wilaya. Ukiwa nacho wewe ni mpishi, unapangiwa kituo, una nyumba ya kukaa na mkeo, na hakuna wa kukuita boi bila kufikiri mara mbili. Usipokuwa nacho, wewe ni msaidizi hadi kufa. Najua ninalosema. Nimepika kambi ya barabara chini ya Fundi Mkuu ambaye hakujua kuchemsha yai. Nimepika bweni la shule chini ya Mhasibu wa chakula. Nimekwenda hadi upande wa Kyerwa kwa Mkuu wa ghala la kahawa. Kote waliusifu mkate wangu, kote waliuliza, "Cheti?" Nikasema sina. "Basi utamsaidia huyu kijana." Nimestaafu nikiwa msaidizi, miguu imevimba kwa kusimama, na vijana niliowafundisha kuoka ndio walionisainia barua ya kustaafu.

Sasa siku ya mtihani.

Tuliitwa mmoja mmoja kuhudumia meza ya wageni halisi. Zamu yangu walikuwepo Bwana Shauri na Mkungu, yaani mzee wa kijiji aliyepewa mamlaka na serikali. Mkungu huyu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, amevaa kanzu na koti, ameketi kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekiazima. Memsahibu alikaa pembeni na karatasi yake ya alama. Klementi alisimama nyuma yake.

Supu ilikwenda vizuri. Nyama ilikwenda vizuri. Mkate, Bwana Shauri aliomba tena, nikamwona memsahibu anatabasamu na kuandika. Nikajisemea, mke wangu atahama mwezi huu.

Ikafika zamu ya vinywaji. Sheria ilikuwa kumwuliza kila mgeni anachotaka. Bwana Shauri akataka chai. Mkungu akanitazama usoni, akauliza kwa Kinyambo, lugha yetu, kama iko rubisi. Ilikuwepo, ya watumishi. Nikaileta kwenye trei, nikamimina kwenye glasi, na mikono yangu ikafanya yenyewe. Nikakunja goti, nikanywa funda moja mbele ya macho yake, nikafuta ukingo kwa kitambaa safi, nikampa kwa mikono miwili.

"Webale, mwanangu," akasema Mkungu, yaani asante, na kwa mara ya kwanza akaegemea kiti.

Memsahibu alisimama hadi kiti chake kikaanguka. "Hapana! Wewe kunywa kikombe ya mgeni? Chafu! Toa hiyo!"

Akainyakua glasi mkononi mwa mzee yule, ndiyo, mkononi mwake, akampa Klementi akaimwage. Mkungu akabaki na mikono wazi hewani.

Nikasema polepole, "Memsahibu, kwetu mgeni haonji wa kwanza. Mwulize Msimamizi. Hata kwao iko hivyo."

Memsahibu akageuka. "Klementi? Kweli hii?"

Nasema mbele ya Mungu, mama yake Klementi asingempa mtu hata maji ya mtoni bila kuyatia mdomoni kwanza. Alitusimulia mwenyewe siku tulipokuwa tunamenya viazi, akicheka, jinsi mama yake alivyoonja pombe ya wageni wengi mpaka akalala yeye kabla yao. Sasa Klementi alinitazama mimi, akatazama viatu vyake.

"Sijui desturi hiyo, memsahibu. Labda ya wachunga ng'ombe."

Memsahibu nilimkasirikia siku moja. Yeye hakujua, na hakuna aliyemwambia. Klementi namkasirikia mpaka leo, na amekwisha kufa.

Ikaletwa glasi nyingine, Klementi mwenyewe akaimimina, akaiweka mbele ya Mkungu kwa mkono mmoja, kwa kulia, bila kuionja. Memsahibu akatulia. Akasema alama zangu ni nzuri kuliko za wote na hataki zipotee. Niseme tu mbele ya wageni kwamba nimefanya uchafu na sitarudia, naye Bwana Shauri atie saini hapo hapo. Karatasi ilikuwa mezani. Niliweza kulisoma jina langu, hata mimi wa darasa la pili.

Klementi akanisogelea, akanong'ona kwa Kihaya, "Sema. Ni maneno tu. Mkeo atakula desturi?"

Nikamjibu kwa sauti, kwa Kiswahili, kila mtu asikie, "Mama yako hajambo?"

Nikamtazama Mkungu. Glasi ilikuwa mbele yake imejaa, na mikono yake yote miwili ameiweka magotini.

Nikavua mshipi mwekundu wa sare yangu ya kazi, nikaukunja mara tatu kama tulivyofundishwa, nikauweka mezani upande wa kushoto, mbali na ukingo kwa kipande kimoja cha kidole. Kofia ya sare juu yake. Klementi akasema, "We boi, unakwenda wapi?" Nikapita katikati ya viti vya wageni, nikafungua mlango wa mbele, nikautelemka mlima kwa njia ya Kanoni. Sikuwahi kurudi.