Masaa ya Ndege ya Danieli

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Masakta, na sijawahi kupanda ndege. Jirani yangu Mzee Bura alipofiwa na mkewe, mwanawe Danieli alituma ujumbe kutoka Kanada: "Napanda ndege sasa." Mzee akaniuliza atafika lini. Nikapima umbali kwenye simu, nikajibu kwa kiburi, "Masaa kumi na tano tu, mzee. Kesho mchana yupo."

Kesho yake mpaka jioni hakuonekana, simu haipatikani.

"Angekuwa kapanda, angeshafika," nikasema. Mwalimu akishasema, nani abishe? Tukazika.

Asubuhi Danieli akashuka na begi.

"Hakuna ndege ya moja kwa moja," alisema. "Nililala njiani nikisubiri nyingine. Mama yuko wapi?"

Watu wote wakanigeukia.

"Mwalimu," akasema mzee taratibu, "mpeleke wewe."