Mikono ya Mama Nili

Mzee alimkuta shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu mkewe, akisugua mkono wa maiti kwa limau na chumvi. Damu ikampanda kichwani.

"Unafanya nini?"

"Namtakatisha, shemeji. Aende kaburini na mikono kama ya fundi gereji?"

Marehemu, waliyemzoea kwa jina la Mama Nili, alitia vitambaa rangi ya buluu ya nili tangu usichana wake. Ngozi ya juu hubanduka na rangi yake, lakini kucha zake na mistari ya viganja viliinywa nili, ikakaa humo humo. Kwa mikono hiyo alilea, akapika, akamzaba mumewe kofi moja la haki. Dada mtu aliionea haya miaka yote, hata harusini alimvisha glavu. Sasa kapata upenyo, mwenye mikono hana kauli.

"Uchafu uko rohoni mwako!" mzee alifoka.

Mkono wa kulia ulikuwa umeshapauka. Mzee akaenda uani, akarudi na ndoo ya nili aliyoiacha mkewe, akauzamisha mkono ule. Ulitoka kijani.

"Yallah! Umemharibu mdogo wangu!"

"Funga mdomo. Haijapata hewa."

Ikapata hewa. Kijani kikageuka buluu mbele ya macho yao, polepole, kuanzia kwenye kucha. Mzee akamfunika mkewe.

"Haya, waite wabebaji. Atakayeuliza, mwambie huyu ndiye niliyemuoa."